MPIRA WA UANI: KISAMVU CHA WAZEE WA PWANI YA KUSINI



Katika barua tunazoletewa hapa ofisini wamo wanachama wanaouliza habari za mboga za kupanda karibu na nyumba, hasa zile za zamani ambazo mtu hujiwekea mbegu mwenyewe. Wengine wametaja seleri, lile jani lenye harufu linalotiwa katika supu. Juu ya seleri jibu letu ni fupi. Ni mmea wa nchi za baridi; katika joto la pwani hukua kwa shida, tena hautoi maua wala mbegu mpaka upitiwe na majuma kadhaa ya baridi. Kwa hiyo mwenye kuupanda huku kwetu hana budi kununua pakiti ya mbegu kila mwaka. Anayependa na apande, lakini asitumaini kuwarithisha wajukuu.

Iko mboga nyingine ambayo wajukuu wamekwisha kurithi, na wengi wetu tunayo uani bila ya kuifikiria. Nayo ni kisamvu cha mpira. Tulipata kuitazama vizuri zaidi tulipokwenda Mtwara, na yale tuliyoyaona na kuyasikia huko ndiyo tunayotaka kuwasimulia, maana yamo mambo mawili ndani yake yanayomhusu kila mwenye shamba la mihogo na kila mwenye chungu jikoni.

Safari yetu ilikuwa ya mwezi wa Septemba. Pwani ya Mtwara haina mvua mbili kama visiwani kwetu. Mvua yao ni moja, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, kisha ni kiangazi kirefu. Tulipotoka mjini kwenda upande wa Msimbati na mlango wa Ruvuma, nchi ilikuwa imekauka. Mikorosho ilikuwa katika maua, nyasi zimekuwa nyeupe, na katika bustani ndogo za mchicha palibaki mashina matupu. Lakini karibu kila uani, pale maji ya kuogea yanapomwagika, palisimama mti mmoja au miwili yenye majani ya kijani, imekatwa vichwa kwa panga kimo cha kifua cha mtu, na machipukizi mateke yamejaa juu yake.

Katika nyumba moja tuliamkia, "Shikamoo, bibi," na mwenye nyumba akatuitikia, "Marahaba, wajukuu zangu, karibuni kivulini." Tulipomwuliza kwa nini hauachi mti wake ukue, alicheka. "Nikiuacha utakwenda zake juu," alisema. "Kiangazi utapukutisha majani yote, na hayo machache ya juu watakula ndege. Mti huu ni kama mbuzi wa maziwa. Usipomkamua hukauka."

Tumeona si vibaya kuyaandika maneno yake, kwa sababu ndiyo sheria nzima ya kuutunza mti huu. Mpira ukiachwa huwa mti mrefu wa kuzidi paa la nyumba, na wakati wa ukame huangusha majani. Ukikatwa mara kwa mara na kupata ndoo ya maji machafu, hutoa machipukizi mapya hata wakati ambapo hakuna mboga nyingine.

Sasa jina. Mtoto mmoja hapa kwetu alipata kumwuliza babu yake kama kisamvu cha mpira hupikwa kwa mpira wa miguu. Hapana. Jina latokana na utomvu wake, ambao ukigandishwa huwa mpira. Kwao ni kaskazini mashariki ya Brazil, katika nchi iitwayo Ceará, na wataalamu huuita Manihot glaziovii. Mhogo wetu ni Manihot esculenta, kwa hiyo mti huu na mhogo ni ndugu wa ukoo mmoja. Majani ya mpira yana vidole vichache vilivyo vipana, na rangi yake ina ubuluu kidogo. Ya mhogo yana vidole vyembamba na vingi zaidi.

Katika Afrika Mashariki mti huu ulienezwa sana na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 walifungua mashamba makubwa ya mpira katika Tanga, Morogoro na sehemu nyingine za pwani. Bei ya mpira duniani ilipanda sana mwaka 1910. Kisha mpira wa Malaya, ambao ni wa mti mwingine, uliingia sokoni kwa wingi, na mwaka 1913 bei ikaanguka vibaya hata matajiri wale wakaiacha miti yao porini. Wakati wa Vita ya pili Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza waliirudia miti ile ya zamani na kuigema tena kwa miaka michache. Vita ilipokwisha ikaachwa mara ya pili. Wenye mashamba hawakuitaka, lakini akina mama walikwisha kuona kwamba majani yake yanalika. Huko Mtwara wazee hukumbushana pia ule mpango mkubwa wa karanga wa 1947 hadi 1951, uliojengewa bandari na reli na kula fedha bila hesabu. Karanga zile zilikwisha, na mpira wa uani ungalipo.

Tena tusiwacheke wa Bara kwa kula mti wa mgeni. Karafuu nayo ni mgeni, kwao ni visiwa vya Moluku, na ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Jambo la kwanza ambalo hatukulijua mpaka safari hii ni kwamba mti huu uliotupwa ndio uliokuja kuwaokoa ndugu zake mihogo. Wanachama wanaolima mihogo wanayajua magonjwa mawili. La kwanza ni batobato, ambalo hulikunja jani na kulitia madoa ya manjano. La pili ni michirizi ya kahawia. Hili la pili ni baya zaidi kwa kuwa lina hila. Shamba laweza kuonekana zuri, majani ya chini yana umanjano kidogo tu kandokando ya mishipa, shina la kijani lina mistari ya kahawia ambayo mtu asiyejua haioni. Siku ya kuchimba ndipo mkulima apasuapo mhogo na kukuta ndani umeoza, mkavu kama kizibo cha chupa. Chakula cha mwaka mzima kimekwenda. Sisi wa karafuu, ambao wazazi wetu walitazama mikarafuu ikinyauka ghafla mmoja baada ya mwingine, hatuhitaji kuelezwa uchungu wa namna hiyo.

Ugonjwa huu wa michirizi ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1936, na Bwana Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara. Ni ugonjwa wa pwani hasa, na pwani ya kusini iliumia sana. Bwana Storey na mwenzake Bwana Nichols walijaribu mihogo ya kila namna, na mihogo mingi ikashindwa. Basi wakamgeukia ndugu yake aliyetupwa. Walichukua chavua ya mpira wakaitia katika maua ya mhogo. Mtoto aliyezaliwa alikuwa na nguvu ya kupambana na magonjwa, lakini mizizi yake ilikuwa haifai. Ikawabidi kumwoza tena kwa mhogo, na mtoto wake tena kwa mhogo, mpaka mara ya tatu, ndipo wakapata mmea wenye mizizi ya kuliwa na damu kidogo ya mpira. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na baadaye iliendelezwa na Bwana Jennings.

Mmoja wa watoto hao aliandikwa katika daftari kwa namba 46106/27. Wakulima hawali namba. Katika pwani ya Kenya mhogo huo hujulikana kwa jina la Kaleso, na kwetu Tanzania kwa jina la Namikonga. Kwa miaka mingi watu waliudhani kuwa ni mhogo wa asili tu, wa babu na babu. Mwaka 2016 wataalamu waliosoma urithi wa mihogo na ndugu zake wa porini walitangaza matokeo yao, na ndani ya Namikonga walikuta vipande vya urithi wa mpira vinavyoonyesha kazi ile ya Amani. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ni miongoni mwa mahali ambapo Namikonga ilipandwa pamoja na Albert ili kutafuta ni kipande gani cha urithi kinachozuia michirizi. Albert ni mhogo unaopendwa kusini, lakini michirizi huumaliza.

Damu hiyo ilisafiri mbali zaidi. Mwaka 1956 mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria, zikaota huko, na mmoja katika miche yake ndio uliotumiwa Ibadan kuzalisha mihogo inayostahimili batobato. Batobato kali ilipoteketeza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, mihogo ya ukoo huo ilirudishwa Afrika Mashariki, na wakulima wa Uganda wakaipanda kwa majina ya Nase. Ni jambo la kustaajabisha kwamba safari yote hiyo ilianzia kwa mti ambao mwenye shamba Mjerumani aliuona hauna faida.

Lakini tusiusifu kupita kiasi. Afisa mmoja wa kilimo tuliyezungumza naye alitupa onyo ambalo twalifikisha kwenu kama lilivyo. Mpira waweza kuwa na virusi vya michirizi ndani yake, na wataalamu wamepata kuvikuta katika miti ya namna hii hapa Tanzania. Nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani hunyonya utomvu wa mti mgonjwa na kuhamia kwenye mhogo. Kwa hiyo mahali pa mpira ni uani, karibu na jiko, nao shamba la mihogo liwe mbali. Mwenzetu mmoja kisiwani alipanda mipira kuwa ua wa kuzunguka shamba lake lote la mihogo, na alijivuna sana kwa ua ule. Hatuwezi kusema kwa hakika kama ndio uliomletea hasara, maana hata pingili alizopanda zilitoka kwa jirani na hakuzichunguza. Tunachojua ni kwamba alivuna magunia mawili ya mizizi iliyooza na ua mzuri.

Na hapa tulifanya kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tukiondoka tulikata vijiti vitano vya mti wa yule bibi, tukavifunga katika gunia bichi ili tuje tuvipande huku. Afisa yule alipoliona gunia alituuliza, "Ndugu zangu, mnapeleka mboga au mnapeleka ugonjwa?" Tuliona haya. Magonjwa haya husafiri baharini kwa pingili kuliko kwa njia nyingine yoyote. Vijiti tuliviacha. Badala yake alituonyesha mbegu zenyewe, zile ngumu zenye madoa zinazoruka zinapopasuka kokwa zake juani, akatuambia tuulize kwanza Idara ya Kilimo ya kwetu kabla ya kuzivusha. Tuliuliza, tukakubaliwa kuchukua chache.

Jambo la pili ni la jikoni, nalo ni zito zaidi. Mhogo, na mpira hali kadhalika, una sumu ya asili. Jani likiwa zima sumu hiyo imefungika na haidhuru jani. Likikatwa au kutafunwa hufunguka na kuwa sayanidi, ambayo huua. Majani mabichi yana sumu nyingi kuliko mizizi ya mhogo mtamu, na mbuzi akiyala kwa wingi aweza kufa siku hiyo hiyo. Mizizi ya mpira isiliwe kabisa, na watoto waambiwe, kwa sababu mtoto aliyezoea kutafuna mhogo mbichi ataufananisha.

Kusini wameonja ubaya wa sumu hii, si kwa kisamvu bali kwa unga wa mhogo mchungu. Mwaka 1988, wilayani Masasi, wakati wa uhaba wa chakula, watu walifuata njia ya mkato iitwayo chinyanya, yaani kutwanga mhogo mbichi na kuuanika juani ili uliwe upesi, bila ya kungoja siku zinazotakiwa. Wakadhurika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mtwara ilipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Mtoto hulala mzima na kuamka hawezi kusimama. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula, watu zaidi ya 1,000 walipatwa mwaka 1981 baada ya ukame. Konzo huwashika wanaokula mhogo mchungu usiotayarishwa vema kwa majuma mengi, huku wakiwa hawana samaki, kunde wala nyama. Wataalamu wamewafundisha akina mama wa Mtwara kuuchanganya unga wa mhogo na maji, kuutandaza uwe tabaka jembamba, na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu itoke kabla ya kusonga ugali. Ni njia rahisi, na anayetumia mhogo mchungu kwetu aifuate pia.

Kwa kisamvu, dawa ni kinu na moto. Watu huzani kinu ni kwa ajili ya kulainisha tu. La, kutwanga ndiko kunakoifungua sumu ipate kutoka, na jani lililokatwa kwa kisu vipande vikubwa na kutiwa chunguni hubaki na sumu nyingi zaidi. Bibi yetu wa Msimbati alifanya hivi, nasi tulikaa tukamtazama kuanzia mwanzo mpaka tulipopewa sahani.

Alichuma machipukizi ya juu tu, yale ambayo bua lake huvunjika kwa kidole, akatoa vikonyo vyote. Alitia kinuni pamoja na chumvi kidogo na vitunguu thomu, akatwanga. Sisi tulidhani amekwisha, yeye alikuwa ameanza. Alitwanga kiasi cha robo saa, akabadilishana mchi na mjukuu wake, mpaka hapakuonekana kipande cha jani, ila rojo la kijani. Akaliacha kidogo, akaliosha kwa maji na kukamua. Kisha chunguni na maji mengi, na chungu bila ya kifuniko. Juu ya hilo la kifuniko hakukubali mzaha. Mjukuu alipotaka kufunika moshi usiingie, alimkemea, "Acha kitoke kinachotoka!" Mvuke ndio unaochukua sumu, na yeye hakufundishwa hayo na mtaalamu yeyote. Kilichemka zaidi ya saa nzima, maji yakaongezwa mara mbili. Ndipo akatia kunde zilizochemshwa kando, karanga zilizosagwa, tui jepesi, na mwisho tui zito. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, chakula cha namna hii huitwa matapa, na upande wa Mtwara watu wa pande mbili za Ruvuma hubishana ni nani anayekipika vizuri zaidi. Sisi tulikula kimoja tu, kwa ugali na samaki wa kuchoma, na hatutaamua ubishi wao.

Siku hizi masokoni kuna mashine za umeme zinazosaga kisamvu kwa dakika moja. Si mbaya, tena mashine husaga laini. Lakini tumeona watu wakidhani kwamba kwa kuwa kimesagwa upesi basi na kupikwa kipikwe upesi. Moto haukupunguziwa saa. Na katika msimu wa karafuu, wachumaji wanapopikiwa chungu kikubwa na mpishi ana haraka, msimamizi atazame jambo hili mwenyewe.

Faida yake ni kubwa kwa anayekitayarisha hivyo. Majani haya yana protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, pamoja na vitamini A. Kwa nyumba ambayo samaki hawapatikani kila siku hilo si jambo dogo.

Kwa anayetaka kupanda: kama jirani yako hapo hapo kijijini ana mti mzima wa afya, kata kijiti kinene kama kidole gumba, kirefu kama shibiri mbili, ukipande mwanzo wa mvua. Tazama kwanza shina lisiwe na mistari ya kahawia. Toka kisiwa hadi kisiwa, au toka Bara, usilete kijiti. Mti mmoja watosha nyumba ndogo, miwili kwa nyumba yenye wageni. Ukifika kimo cha kifua ukate kichwa, na baada ya hapo uchume kila unapochipua. Mjue pia kwamba mpira na mhogo huchanganyika vyenyewe kwa msaada wa nyuki, na miti mingi tunayoiita mpira ni machotara, mingine ikiwa na majani malaini zaidi kuliko wazazi wake. Ukiwa nao wa namna hiyo usiutupe. Na kwa mizizi ya shambani, wanaohangaika na michirizi kisiwani waulize habari za mihogo ya Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama, iliyotolewa kwa ajili ya mashamba ya Zanzibar.

Mbegu ina ganda gumu mno. Ukiizika tu hivi hivi yaweza kukaa ardhini miezi mingi. Isugue ukingoni kwa tupa mpaka uone weupe, uiloweke usiku mmoja, kisha uipande kwenye kopo lenye mchanga na samadi.

Zile tulizozileta zilikuwa 12. Sita tulizisugua kwa tupa, na sita tulizipanda bila ya kuzigusa, ili tuone. Katika zilizosuguliwa nne zimekwisha kuota na zina majani matatu matatu. Zile nyingine bado hazijaonekana, nasi tunaendelea kumwagilia makopo yake nyuma ya ofisi, na mwanachama apitaye aweza kuingia kuyatazama.